Neno Mpaka na Kijiji cha Kumi na Nne

Ninyi mnaosomea kompyuta siku hizi, mkikosea mnaambiwa palepale. Unatokea mstari mwekundu, mnafuta, mnaendelea kunywa soda. Sisi tulikuwa tunaambiwa baada ya siku tisa, kwa basi. Basi likiharibika Segera, siku kumi na moja.

Naitwa Rehema. Nimezaliwa Kwamndolwa, sasa naishi Kilole, na katikati hapo nilifanya kazi ambayo majirani zangu hadi leo wanaamini ilikuwa ya kupiga chapa. Haikuwa ya kupiga chapa. Nilikuwa msaidizi wa utafiti. Tulikuwa tunatengeneza lugha ya kuandikia programu, yenye maneno ya Kiswahili, ili mtu wa Korogwe au Handeni ambaye hakusoma Kiingereza aweze kuituma kompyuta kazi. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na kila kitu kilikuwa kinaingizwa katika Kiswahili: vitabu vya shule, fomu za serikali, majina ya vyeo. Dakta Mhina akaona si vizuri kompyuta ibaki nyuma.

Dakta Mhina alikuwa mtu wa Mpale, kule milimani, mrefu, mpole, mwenye shahada ya hesabu kutoka ng'ambo na jozi moja ya viatu. Alifundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Mimi nilikuwa natoboa kadi katika ofisi iliyokuwa na mashine. Kompyuta za wakati ule hazikuwa na kioo cha kuandikia. Programu iliandikwa kwenye kadi ngumu, ukubwa wa bahasha, kadi moja kwa kila mstari, na kila herufi ikawa matundu. Siku moja niliona kosa katika karatasi za Dakta kabla sijazitoboa, nikalisahihisha bila kumwuliza. Mtu mwingine angenishtaki kwa mkubwa wangu. Yeye aliniuliza kama ningependa kujifunza. Nikamwambia nitafikiria. Nilifikiria hadi saa ya chai.

La kwanza alilonifundisha halikuhusu hesabu. Alizipanga kadi zikawa kama tofali, akachukua kalamu ya wino, akachora mstari wa mshazari juu yake kutoka kona hadi kona.

"Siku utakapoziangusha," akasema, "huu mstari utakuonyesha ipi ilikaa wapi."

"Mimi siangushi vitu, Dakta."

Wiki hiyohiyo niliziangusha kwenye ngazi, kutoka ghorofa ya pili. Niliziokota zote isipokuwa moja, ambayo mlinzi alikuwa ameshaikunja na kuiweka chini ya mguu wa meza yake isiyumbe. Tangu siku hiyo nachora mstari wa mshazari juu ya kila kitu chenye mpangilio, hata vyeti vya kliniki vya watoto wangu.

La pili nilijifunza mwenyewe. Kadi zikinywa unyevu huvimba, na kadi iliyovimba hutafunwa na mashine. Masika tulizisafirisha ndani ya debe la biskuti lililofungwa utepe. Kondakta wa basi la Korogwe alikuwa ananiuliza kila safari, "Dada, leo biskuti ngapi?" Namwambia mia tatu. Ananiangalia kwa heshima.

Korogwe ndiko tulikofanyia majaribio. Chuo kimoja cha ualimu kilitupa darasa saa za mchana, tukapata wanafunzi wa ualimu, karani mmoja, na mabwana shamba wawili kutoka Handeni. Hakukuwa na mashine Korogwe. Waliandika programu zao kwenye karatasi, mimi nikazipeleka Dar, nikatoboa, zikapita kwenye mashine, nikarudi na majibu. Utafiti wenyewe ulikuwa huo: mtu anaandika, sisi tunaandika alipokwama.

Walikwama mahali ambapo hatukutegemea. Dakta alikuwa amechagua maneno KAMA na BASI. Kama jambo fulani ni kweli, basi fanya hivi. Maneno mazuri, tuliyapenda. Siku ya kwanza mwanafunzi mmoja wa ualimu, Mwanaidi, mtu wa kwetu Kwamndolwa, aliandika KAMA mvua INATOSHA BASI, akaweka penseli chini.

"Mbona umeishia hapo?" nikamwuliza.

"Si umeniambia basi?"

Nikaandika kwenye daftari: BASI linaeleweka kama mwisho wa maneno. Mwanaidi akachungulia daftari langu, akasema ameridhika na nilivyoandika.

Wiki iliyofuata tulifika kwenye namna ya kuliwekea jina thamani yake. Dakta aliandika ubaoni: WEKA watu IWE 20. Mwanaidi akainua mkono.

"Dakta, watu iwe?"

"Ndiyo. Katika lugha hii tunatumia IWE kwa kila kitu, ili mashine isipate tabu."

"Mimi nasomea kwenda kufundisha watoto. Nikiandika watu iwe, nitawaambia nini?"

"Mashine haijali, Mwanaidi."

"Mashine haijali. Mimi najali."

Darasa zima lilikuwa upande wake, pamoja na karani, ambaye kwa kawaida hakuwa upande wowote. Ikabidi nirudi kwenye kitafsiri. Hiyo ndiyo programu kubwa inayochukua maneno ya mwandishi na kuyageuza yawe amri ambazo mashine inazifahamu. Ninyi mna jina lake la Kiingereza, sisi tuliita kitafsiri. Ilinichukua mwezi mzima kukifundisha kwamba watu WAWE, viti VIWE, na mahindi YAWE. Ngeli zilikula nafasi kubwa kuliko hesabu. Ila tangu hapo nimewaambia wote niliowafundisha kazi: mtu akikataa kuandika unavyotaka, usianze kwa kumweleza. Anza kwa kumsikiliza, kwa sababu yeye ndiye utafiti.

Hilo nilikuwa nimeshalijua. Sasa nitawaeleza jinsi nilivyolijua na bado nisilifuate.

Dakta alinikabidhi sehemu ya kitafsiri inayohusu kurudia kazi. Alinipa karatasi moja. Iliandikwa: KUANZIA namba fulani MPAKA namba fulani, mashine irudie yaliyo katikati. Haikusema zaidi, nami sikuuliza zaidi, kwa kuwa nani asiyejua maana ya mpaka?

Baba yangu alikuja Korogwe kutoka Songea kwa mkataba wa kukata mkonge. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Kila siku mkataji alipimiwa kipande chake, mistari kadhaa ya mkonge, na mwisho wa kipande palisimikwa kijiti. Kile kijiti kiliitwa mpaka. Mstari wenye kijiti ulikuwa wa mwenzako. Ukiugusa, mtapigana na mapanga mnayo mkononi. Tangu nikiwa mtoto ninayempelekea baba uji shambani nilijua kwamba mpaka ni pale unaposimama kabla hujapagusa. Kwa hiyo nilipoandika sehemu yangu ya kitafsiri, mashine ilihesabu, ikafika kwenye namba iliyotajwa baada ya MPAKA, ikasimama bila kuigusa. Kama baba.

Dakta Mhina, ambaye alilelewa na babu aliyemwambia asome Kurani mpaka aya ya kumi, alikuwa anajua kwa uhakika uleule kwamba ya kumi inasomwa.

Hatukuwahi kulizungumza. Nilijaribu kazi yangu kwa kuiambia mashine ijumlishe namba kuanzia 1 mpaka 10. Kwanza nilipiga hesabu kwa mkono, kwa maana niliyoijua mimi, nikapata arobaini na tano. Mashine nayo ikatoa arobaini na tano. Nilifurahi sana. Nikampelekea Dakta. Akaona jibu langu na la mashine yanafanana, akatia saini. Shahada ya hesabu kutoka ng'ambo, wanangu, na hakujumlisha moja mpaka kumi.

Darasani Korogwe, zoezi lilikuwa kuchapa salamu mara tano. Niliporudi na majibu, Mwanaidi alihesabu yake.

"Dada Rehema, zangu ziko nne."

"Utakuwa umekosea kuandika."

"Nimeandika kuanzia moja mpaka tano."

"Mwanaidi, mashine haikosei."

Nilisema hivyo. Mbele ya darasa, nikiwa nimesimama, na chaki mkononi. Nikawaambia wote waandike upya. Mwanaidi aliniangalia kidogo, akakunja karatasi yake. Hakuuliza tena, nami nikalihesabu hilo kuwa ni maendeleo.

Miongoni mwa mabwana shamba wetu wawili alikuwepo Rajabu, Mzigua wa Handeni, kijana mtaratibu aliyeandika kwa herufi kubwa zilizonyooka kama zimepigwa rula. Wiki ya zoezi la salamu hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake Mkata. Aliporudi nilimweleza somo kwa dakika chache, akasema ameelewa. Alikuwa ameelewa vizuri. Alikuwa mwanafunzi wetu bora.

Alikuwa bora kiasi kwamba masika yalipokaribia ofisi yake ilikubali jambo ambalo Dakta alikuwa akiliomba kwa mwaka mzima: programu ya Kiswahili, iliyoandikwa na mtu wa Handeni, ifanye kazi ya kweli. Mbegu za mahindi zilikuwa zimewekwa ghalani Korogwe, zigawiwe kwa vijiji kumi na vinne vipya vya Handeni. Rajabu akaandika programu ya kupanga safari za lori na kuchapa orodha. KUANZIA 1 MPAKA 14. Nikaitoboa mimi mwenyewe. Nikaileta orodha Korogwe ndani ya debe la biskuti. Dakta alipiga nayo picha.

Lori likafuata orodha. Mvua zikaanza.

Karibu wiki tatu baadaye nilipata barua ya Rajabu. Ilikuwa fupi, kwa zile herufi zake zilizonyooka. Kijiji cha kumi na nne hakikupata mbegu. Kwenye orodha hakikuwamo. Kijiji hicho (jina nitaliacha, wenyewe wapo) kilikuwa kimewekwa juu ya ardhi iliyokuwa ya ukoo wake Rajabu, na watu wakubwa walikuwa wanasema amekiondoa kwa makusudi. Neno lililotumika lilikuwa hujuma. Wakati ule lilikuwa neno zito. Amesimamishwa kazi, na kamati itakaa Handeni Alhamisi ijayo. "Dada Rehema," akaandika, "naomba uniandikie barua ya kuthibitisha kwamba mashine haikosei, na kwamba mimi sikuigusa orodha baada ya mashine."

Nilikusudia kuiandika. Nilifungua kasha la kadi za Korogwe nitafute programu yake niambatanishe nakala, na humo nikakutana na kadi za zoezi la salamu, zile walizoandika mara ya pili. Salamu mara tano. Karani: MPAKA 6. Bwana shamba wa pili: MPAKA 6. Nilizipitia zote. Darasa zima liliandika sita, na wote walipata tano. Nilizitoboa mimi, kwa mikono yangu, na sikuona.

Nilishuka Korogwe kwa basi la asubuhi, nikamkuta Mwanaidi anafua.

"Kwa nini mliandika sita?"

"Ili tupate tano."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

Akaendelea kufua. Baadaye akasema, kwa upole zaidi, kwamba aliwaeleza wenzake wote siku ileile, nje ya darasa, kwamba mashine ya dada Rehema inakula ya mwisho, kwa hiyo waiongezee moja. Kwao ilikuwa kama kumwekea mgeni sahani ya ziada. Rajabu peke yake hakuambiwa, kwa sababu alikuwa msibani.

Nilirudi Dar kwa basi la jioni, kesho yake nikaenda ofisini kwa Dakta Mhina. Nikamweleza. Alichukua karatasi, akajumlisha moja mpaka kumi. Akapata hamsini na tano. Akajumlisha tena.

"Tungoje wiki mbili," akasema.

"Kamati inakaa Alhamisi."

"Rehema, Ijumaa ya wiki ijayo natoa taarifa yetu chuoni. Kuna watu pale wanangoja kosa moja tu. Ukisema sasa, hawatasema Mhina amekosea, wala Rehema amekosea. Watasema Kiswahili hakifai kwa kompyuta. Wataifunga kazi yote."

"Na Rajabu?"

"Ni mtumishi mwenye sifa nzuri. Watamwonya, halafu tutamwandikia."

Lazima niwaambie ukweli: nilimheshimu yule mtu kuliko yeyote niliyemfahamu, na alichosema kilikuwa kweli. Mimi nilikuwa binti wa manamba ninayeandika kitafsiri. Kazi ikifungwa, nilikuwa narudi kutoboa kadi za watu wengine. Niliondoka ofisini kwake, nikakaa siku mbili nikiwaza, na Jumatano nikapanda basi la Korogwe na makasha mawili ya kadi, nikaunganisha Handeni. Sikumuaga. Kondakta hakuniuliza habari ya biskuti.

Kamati ilikaa katika darasa la shule. Mbele kulikuwa na meza ya watu watano. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwenye madawati walikaa watu wa kijiji cha kumi na nne, waliotembea tangu alfajiri, na dereva wa lori. Rajabu alikaa peke yake karibu na dirisha. Alikuwa amekonda. Aliponiona na makasha, alidhani nimeleta ushahidi wa kumsaidia, akatabasamu.

Nilitoa shikamoo kwa meza nzima, nikajieleza.

"Kwa hiyo wewe ndiye mashine?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana, mzee. Mimi ndiye niliyeiambia mashine maana ya neno mpaka."

"Na maana yake ni nini?"

"Nilidhani ni pale unaposimama kabla hujapagusa. Rajabu aliandika kuanzia moja mpaka kumi na nne. Mashine ikaishia kumi na tatu. Kosa si lake. Ni langu."

Mwandishi wa kamati akaweka kalamu chini. "Lakini mpaka ni hapohapo," akasema. "Nikikwambia soma mpaka ukurasa wa kumi, ule wa kumi huusomi?"

"Anausoma," akasema dereva. "Mimi naenda mpaka Korogwe. Nisipoingia Korogwe, abiria watanipiga."

Kutoka madawatini akasimama mama mmoja wa makamo, mwembamba, na khanga amejifunga kwa nguvu kama mtu aliyekuja kufanya kazi. Alikuwa Bi Zaina, wa kijiji cha kumi na nne.

"Shamba langu linaenda mpaka mtoni," akasema. "Mto ni wangu? Kama ni wangu, naomba iandikwe."

Mwenyekiti akasema isiandikwe.

Hapo mambo yakaanza. Mjumbe mmoja akasema binti yake aliolewa kwa sharti la kukaa kwanza nyumbani kwao mpaka mfungo, na hadi leo familia mbili hazijakubaliana ni mwanzo wa mfungo au mwisho wake. Mwingine akasema likizo yake ni mpaka Ijumaa na Ijumaa hajawahi kuripoti kazini. Mwenyekiti akamtazama, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wake kazini. Walibishana hadi adhuhuri. Mimi niliandika kila kitu. Katika kazi yangu yote sikuwahi kupata maelezo mazuri ya utafiti kama ya asubuhi ile.

Katikati ya mabishano mlango ukafunguliwa. Alikuwa Dakta Mhina, vumbi hadi kwenye nyusi, ameshuka basi la pili. Hakuketi.

"Naomba radhi kwa kuchelewa," akasema. "Neno nililichagua mimi. Maana aliiweka yeye. Aliyetia saini bila kukagua ni mimi."

Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Ungeniaga, tungekuja pamoja."

Muhtasari wa kamati ninayo nakala yake. Unasema kwamba ndugu Rajabu hana hatia, kwamba mbegu zilizobaki ghalani Korogwe zipelekwe kesho yake, na kwamba neno mpaka lisitumike tena na mashine hadi litakapochunguzwa. Ni Bi Zaina aliyetupatia neno lingine. "Ungesema kuishia na cha kumi na nne," aliniambia. "Hapo nani angeachwa?" Tulilitumia hilo. Hakuna aliyewahi kulikosea.

Nje ya darasa Rajabu alikuja akasimama kando yangu.

"Nilikuomba barua ya mistari miwili," akasema.

"Najua."

"Mama yangu sasa anakwenda kuchota maji saa ambazo hakuna watu kisimani. Wiki tatu."

Nilimwambia samahani, akaitikia kwa kichwa, akaenda kumweleza mama yake. Alirudi kazini, na alidumu na lugha yetu kuliko mtu mwingine yeyote. Ila kuanzia hapo kila orodha iliyotoka kwenye mashine aliihesabu kwa kidole, mbele ya shahidi.

Bi Zaina naye alinifuata.

"Nieleze vizuri," akasema. "Sisi tulihamia wa mwisho. Tulikuwa hatutaki. Mbegu zilipotupita tukajua ni adhabu. Nyumba saba zimeshafungasha zirudi kule tulikotoka. Sasa unasema hakuna aliyetuadhibu?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna aliyetuchukia?"

"Hata mmoja. Lilikuwa neno tu."

Alifikiri. "Ingekuwa bora angekuwepo," akasema. "Mtu akinichukia nitakwenda kwake, tutasemezana. Neno nitaliendea wapi?"

"Njoo kwangu," nikamwambia, nikamwelekeza nyumba ya wazazi wangu. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimechoka. Sikudhani kwamba watu huchukua maneno kama hayo kama yalivyo.

Mbegu zilifika. Mvua zilikuwa zimekwenda nusu ya safari yake. Nyumba nne kati ya zile saba zilifungua mizigo, tatu ziliondoka.

Chuoni Dakta alitoa taarifa yake, na kosa aliliweka ukurasa wa kwanza. Wakasema Kiswahili hakifai kwa kompyuta. Alikuwa amewajua vizuri. Miezi michache baadaye nchi ikasimamisha kuingiza kompyuta, na wale waliotaka kutufungia kazi hawakuhitaji hata kuandika barua. Makasha ya kitafsiri yalikaa stoo, yakapata mchwa. Mchwa wana mpangilio wao, na mstari wangu wa mshazari haukusaidia. Mimi nilirudi kutoboa kadi kwa miaka miwili, kisha nikaandika programu kwa lugha za Kiingereza hadi nilipostaafu. Na kwa taarifa yenu, lugha mnazotumia leo nyingine zinaihesabu namba ya mwisho na nyingine zinaiacha. Mnalijua hilo, mnalikariri kwa mtihani. Sijasikia mtu akisema Kiingereza hakifai.

Mkiniuliza nimejifunza nini, nitawaambia mambo ya kazi tu. Jibu la kupimia programu asilipigie hesabu mtu yuleyule aliyeiandika. Mtumiaji akinyamaza, usidhani ameelewa. Huenda ameshapata njia ya kukuzunguka, na njia hiyo anawapa wenzake nje ya darasa. Na usiseme mashine haikosei ukiwa na chaki mkononi.

Mwaka ule, mavuno yalipokwisha, nilikuwa nyumbani kwa likizo. Asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa Bi Zaina, amepanda lori la magunia kutoka Handeni, ana kifurushi kidogo.

"Nimekuja kwa lile neno," akasema.

Nilimkaribisha ndani, mama yangu akaweka chai. Alifungua kifurushi, akaweka mezani mahindi matatu yasiyopukuchuliwa. Yalikuwa mafupi kama kidole, na punje zilikuwa upande mmoja tu. Halafu akaanza kusema. Alisema habari ya nyumba waliyoiacha na makaburi waliyoyaacha nayo, habari ya siku ya lori, jinsi walivyolisikia likiunguruma kijiji cha jirani, wakapanga foleni na vikapu, watoto mbele, na jinsi walivyosikia likigeuza. Alisema habari ya mdogo wake, ambaye nyumba yake ilikuwa moja ya zile tatu, na ambaye tangu aondoke hajaleta salamu. Hakupandisha sauti hata mara moja. Chai yake ikapoa, mama akambadilishia, nayo ikapoa.

Alipomaliza alinitazama mikono.

"Umeandika?"

"Hapana, mama. Nilikuwa nasikiliza."

"Kule Handeni uliandika kila walichosema wale wa mezani."

"Niliandika, ndiyo."

Akasogeza mahindi pembeni, akapangusa meza kwa ncha ya khanga yake.

"Chukua kalamu," akasema. "Tuanze upya."